Balozi wa Maadili Afanya Mtihani

Jina la nchi yetu sitalitaja. Sheria inataka anayelitaja asimame wima na kuvua kofia, na mimi naandika haya nimekaa, na kofia yangu ya urubani naipenda hapo ilipo. Mtaitambua wenyewe. Ni nchi ambayo mambo yake yote yanakwenda vizuri na raia wake wote wamechoka.

Shirika letu la ndege la taifa lina ndege tatu. Moja inaruka. Ya pili iko karakana tangu mwaka wa jubilii, na ya tatu inachomolewa vipuri vya kuitengeneza ya pili. Inayoruka inaitwa Uzalendo. Ina viti sabini na viwili, injini mbili, na mbele ya kapteni ina safu ya taa ndogo za onyo. Mojawapo, ile ya joto la injini ya kushoto, ilianza kuwaka mwezi Machi. Ikawaka Aprili. Mwezi Mei abiria mmoja mkubwa, aliyeruhusiwa kuchungulia chumba cha marubani kwa sababu ya ukubwa wake, aliiona akauliza ni ya nini. Viongozi wa shirika wakakutana siku mbili, wakaunda kamati ndogo, na kamati ndogo ikaleta suluhisho la kudumu: fundi alitumwa na bisibisi, akaitoa taa.

Shirika likatangaza kwamba tatizo limekwisha. Fundi alipewa cheti, na picha yake ikabandikwa karibu na mlango wa choo cha wafanyakazi.

Mimi ni rubani msaidizi, Skolastika Nandonde, na wakati wa mambo haya nilikuwa katibu wa chama cha marubani. Siku moja ya Juni nilikuwa kiti cha kulia cha Uzalendo. Kiti cha kushoto alikuwapo Kapteni Tumpale Mwakisu, mwanamke aliyenifundisha kazi hii tangu nilipokuwa nikitetemeka mikono. Tukiwa angani, mshale wa joto ulio upande wangu ukaanza kupanda. Nikamwambia. Alitazama safu ya taa zake, akaona giza, akaniangalia mimi, akautazama mshale. Kisha akapunguza nguvu za injini ya kushoto, tukageuza, tukatua salama. Abiria walilalamika kwa kuchelewa. Tulipochunguza mahali pa taa tulikuta tundu, na ndani ya tundu kipande cha karatasi ya biskuti kilichosokotwa ili vumbi lisiingie.

*

Chama chetu kilikuwa na sanduku. Rubani aliyeona hatari aliandika ripoti kwa jina lake, akaitumbukiza humo. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na aliuvaa shingoni mwenyekiti wetu, Kapteni Revokatus Lugwisha. Kazi yake ilikuwa kulifuta jina na kuipeleka hatari mbele bila aliyeiona. Aliapa kwa hilo mbele yetu sote, mkono mmoja kifuani, mwingine juu ya kitabu cha kanuni, akatokwa na machozi mpaka tukampa leso.

Tumpale aliandika ukurasa mmoja. Nilitaka kutia sahihi pamoja naye akanizuia.

"Wewe bado mchanga kazini, Skola," alisema. "Likija, lije kwangu."

Nami nikakubali. Nalisema hili mapema ili msije mkanidhania mwema.

Siku ya tatu kulikuwa na tafrija ya kumpongeza Waziri wa Anga, Upepo na Mawingu. Nchi jirani ilikuwa imetangaza kumpa Tuzo ya Maadili ya Anga, ambayo hutolewa kwa taifa ambalo ndege zake zimetoa maonyo machache kuliko mengine yote. Nilikuwa nimeshika sahani hatua nne kutoka meza ya sambusa, na masikio ya rubani hupimwa kila mwaka.

"Mheshimiwa," Kapteni Lugwisha alinong'ona, "kuna mtu anataka kukutilia mchanga kitumbua chako."

"Nani huyo?"

Kapteni Lugwisha akatoa karatasi mfukoni. Kwa kuwa alikuwa ameapa, alilifunika jina kwa kidole gumba. Waziri akaisoma yote, akatafuna, akameza. Kisha Kapteni Lugwisha akainua kidole.

Kesho yake gazeti la serikali liliandika kwamba Kapteni Revokatus Lugwisha ameteuliwa kuwa Balozi wa Maadili ya Anga. Ni cheo ambacho jana yake hakikuwapo.

*

Tumpale aliitwa mbele ya jopo la watu watatu. Wawili hawakuwahi kupanda ndege, ili wasiwe na upendeleo. Mimi niliruhusiwa kuingia kama katibu wa chama, kwa sharti kwamba nisiandike.

"Kapteni Mwakisu," aliuliza mkuu wa jopo, "unakiri kwamba katika ndege ya taifa uliiona taa ya onyo?"

"Niliona haipo, Mheshimiwa."

"Kwa hiyo uliona kitu ambacho hakipo."

"Niliona tundu."

"Karani, andika: mshtakiwa anaona vitu visivyokuwapo, na anavizungushia tundu." Akavua miwani. "Mama, mtu mwenye macho ya namna hiyo tumpe roho za watu?"

Wakamnyang'anya leseni yake, kile kijitabu cha buluu ambacho rubani hukibeba kuliko anavyobeba picha za watoto wake. Waziri, aliyekuwa amekaa nyuma ya jopo, aliitia mwenyewe kwenye mfuko wa koti. Uchunguzi wa uzalendo wa Tumpale, tuliambiwa, ungechukua kati ya miezi sita na kustaafu. Alikuwa ameruka miaka ishirini na mbili bila kumkwaruza abiria hata mmoja.

Chama kiliitisha mkutano wa dharura. Kapteni Lugwisha alipanda jukwaani akiwa na suti mpya ya ubalozi.

"Ndugu marubani!" alianza. "Mshikamano si neno. Mshikamano ni msingi, ni mhimili, ni mwamvuli, ni godoro! Mwenzetu ameumizwa na msaliti aliyeitoa siri ya sanduku letu. Msaliti huyo, nikimkamata..." Hapo akaushika ufunguo shingoni. "Nikimkamata, nitamwombea. Sasa tusimame dakika moja, tumkumbuke Kapteni Tumpale."

Tukasimama. Tumpale alikuwa safu ya tatu, na kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, naye alisimama akajikumbuka dakika nzima.

Wenzangu walipokaa nikabaki nimesimama. Nikasema nilichokisikia penye sambusa, neno kwa neno, mpaka habari ya kidole gumba. Ukumbi ulichafuka. Kapteni Lugwisha hakubabaika hata kidogo.

"Nimeumia kusikia hayo," alisema huku akifuta jicho. "Nimeumia kiasi kwamba napendekeza tugome! Tugome mpaka leseni ya dada yetu irudi, na taa irudi tunduni! Na wa kwanza kugoma niwe mimi!"

Mikono yote ikaenda juu, na mkono wake ulikuwa juu kuliko yote, maana ni mrefu.

Jumatatu hakuna ndege iliyoruka. Tuliketi langoni mwa uwanja, marubani arobaini na sare zetu, tukila mihogo ya kukaanga. Jumanne saa nne tulisikia mngurumo, na Uzalendo ikapita juu ya vichwa vyetu. Kiti cha kushoto alikuwa mwenyekiti wetu. Kiti cha kulia aliwekwa rubani mstaafu wa miaka sabini na sita, aliyeamshwa mara moja njiani ili anywe chai.

Jioni Kapteni Lugwisha alihojiwa kwenye televisheni ya taifa.

"Mimi nimegoma," alisema kwa upole. "Ila nimegoma moyoni, mahali ambapo mgomo una nguvu zaidi. Iliyoruka ni mikono."

Nilimchukia. Naandika hivyo bila kutafuta neno laini. Nilimchukia nikipiga mswaki, nilimchukia nikifunga viatu, na nilikuwa tayari kumchukia kwa zamu ili nisichoke.

*

Marubani wa nchi yetu wana desturi moja ya zamani, nayo haijaandikwa popote. Mvunja mgomo hapigwi wala hatukanwi. Anasomewa orodha tu. Maana yake, rubani mwenzake halazimiki kumwambia neno lolote isipokuwa yale ya orodha ya ukaguzi, ambayo tunasomeana kabla ya kuruka. Akikuamkia, unamjibu kwa orodha.

"Habari za asubuhi, Kapteni," aliniambia kantini siku ya Jumatano. Mimi si kapteni. Alikuwa anajaribu bahati.

"Mikanda imefungwa," nilijibu.

"Unajua saa ngapi sasa, binti?"

"Milango imefungwa."

Aliondoka na sinia lake akakaa peke yake. Nilikula wali wangu wote siku hiyo, nikaongeza sahani.

Hata hivyo sikuridhika. Kunyamaziwa hakumpunguzii mtu mshahara wala suti. Nilitaka aanguke, na nilitaka niwe karibu kiasi cha kusikia kishindo. Ndipo serikali yenyewe ikanisaidia.

Kila rubani hufanya mtihani kila baada ya miezi sita, na mtihani wa Balozi ulikuwa unaisha muda siku moja kabla ya safari ya kwenda kupokea tuzo. Waziri alitaka aendeshwe na Balozi wake mwenyewe. Picha ilikuwa imeshachorwa kwenye mabango. Wakatafuta mtahini. Watahini wa nchi nzima walikuwa wawili: mmoja Kapteni Lugwisha, ambaye hata kwetu haruhusiwi kujitahini, na wa pili Kapteni Tumpale. Leseni yake ya buluu ilitoka ofisi ya ghorofa ya tatu, ikachukuliwa. Cheti chake cha kijani cha kutahini kilitoka ghorofa ya tano, na lifti ilikuwa mbovu, kwa hiyo hakuna aliyepanda kukifuta. Walimkataza kuruka wakasahau kumkataza kukwamisha.

Mtihani si kuruka, kwa hiyo haukuvunja mgomo. Alihitajika rubani msaidizi wa kukaa kiti cha kulia. Niliinua mkono kabla swali halijamalizika.

Mashine yetu ya mtihani ni boksi kubwa la chuma ndani ya karakana, zawadi ya taifa tajiri lililokuwa limeichoka. Ndani yake ni kama chumba cha marubani kamili, inatikisika, ina vioo vinavyoonyesha mawingu, na nyuma ina meza ya mtahini na kiti cha mgeni. Ukianguka, sauti ya mwanamke hutangaza kwa Kiswahili cha kujifunza: "Mmefariki. Tafadhali fungueni mikanda."

Tukaketi. Tulisomeana orodha kama malaika. Tukaruka. Kapteni Lugwisha anaruka vizuri, sitamsingizia. Ana mikono laini. Dakika ya kumi na moja mshale wa joto wa injini ya kushoto, ulio upande wangu, ukaanza kupanda. Taa yake haikuwaka, maana Tumpale alikuwa ameiondoa ili mashine ifanane na Uzalendo. Kapteni Lugwisha alitazama taa zake, akaona giza, akapiga mluzi kidogo.

Mimi niliuona mshale ukipita alama ya njano. Niliuona ukigusa nyekundu. Kwenye orodha hakuna neno la mshale. Nikakunja mikono nikatazama mawingu, na ninyi mnaosoma, sijawahi kuona mawingu mazuri namna ile.

"Mmefariki," ilisema sauti. "Tafadhali fungueni mikanda."

Tumpale aliwasha taa ya meza. "Kapteni Lugwisha, hukutazama mishale hata mara moja. Umeanguka." Nikatabasamu. "Skolastika, uliuona mshale?"

"Niliuona, dada."

"Ulisema?"

"Haumo kwenye orodha."

Akaandika kwenye fomu ya pili. "Na wewe umeanguka."

Nilimfuata mpaka nje, nikamshika mkono kwenye ngazi. Nilikuwa karibu kulia kwa hasira.

"Dada Tumpale, nilifanya hivi kwa ajili yako! Chama kizima kinamnyamazia kwa ajili yako!"

"Kantini mnyamazieni mpaka azeeke," alisema. "Lakini mimi nimepokonywa leseni kwa sababu nilisema, Skola. Wewe unataka kunilipia kisasi kwa kunyamaza? Na wale sabini na wawili wa nyuma, wao walivunja mgomo gani?"

Nikamwachia mkono. Usiku na mchana kwa siku tatu nilimchukia na yeye, ingawa huyo nilimchukia kwa shida.

*

Kanuni inasema walioanguka pamoja hurudia pamoja. Safari ya tuzo ilikuwa Jumamosi. Marudio yakapangwa Ijumaa asubuhi. Waziri alikuja mwenyewe, na walinzi wanne na bahasha.

Aliifungua bahasha juu ya meza ya mtahini. Kijitabu cha buluu kikatoka.

"Mama Tumpale," alisema kwa sauti ya baba mkwe, "serikali haina kinyongo. Balozi akipita leo, hiki chako. Akianguka, nakirudisha mfukoni, na koti hili nina mpango wa kuzikwa nalo."

Tumpale alikitazama. Vidole vyake vilisogea juu ya meza kama inchi mbili, vikasimama.

"Mheshimiwa, kaa kiti cha mgeni," alisema. "Funga mkanda. Mashine inatikisika."

Waziri akakaa, amefurahi, akaomba picha. Tukaingia. Sasa oneni nilivyobanwa. Nikinyamaza, ninaanguka tena, na msaidizi akianguka mara mbili anarudishwa shule. Nikisema, msaliti anapita, anavaa nishani, anamwendesha Waziri huku akipunga mkono dirishani. Kweli, leseni ya Tumpale inarudi. Lakini inarudi kwa hisani ya Lugwisha, na yeye atalisimulia hilo kwenye kila mkutano mpaka kiyama.

Tukaruka. Dakika ya kumi hivi mshale ukaanza. Taa giza. Kapteni Lugwisha alikuwa amenyoosha shingo ili Waziri amwone upande wake mzuri. Mshale ukafika njano. Niliwaza sambusa, niliwaza kile kidole gumba, niliwaza moyo unaogoma na mikono inayoruka. Kisha nikawaza watu sabini na wawili wanaolalamika kwa kuchelewa.

"Kapteni," nilisema, na kila herufi ilikuwa na sumu, "mshale wa joto wa kushoto umepanda. Uko njano, unakwenda nyekundu."

Hakugeuka hata shingo.

"Nyamaza, binti," alinong'ona. "Kuna Mheshimiwa nyuma. Usimtie hofu."

"Kapteni, umefika nyekundu."

"Taa imewaka?"

"Taa haipo."

"Basi hakuna tatizo!" Akacheka kwa sauti ili asikike nyuma. "Hawa wasichana, Mheshimiwa, wanaona mishale!"

Boksi likatikisika, vioo vikawa vyekundu, halafu vyeusi.

"Mmefariki," ilisema sauti. "Tafadhali fungueni mikanda."

Kisha nyuma yetu Waziri akauliza kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia bungeni:

"Na mimi?"

"Na wewe, Mheshimiwa," Tumpale alisema huku akiandika. "Ulikuwa umekaa karibu na injini."

"Lakini... huu ni mchezo tu. Kwenye ndege ya kweli ile taa ipo."

"Haipo. Niliandika. Uliisoma ukila sambusa."

Waziri aliushika mkanda wake. Jasho lilimtoka mpaka kwenye tai. Kapteni Lugwisha alikuwa amesimama tayari, mikono kifuani, machozi yameshafika.

"Naomba nafasi nyingine," alilia. "Sikuambiwa! Huyu binti hunisomea orodha tu, chama kizima kinajua! Wamenihujumu kwa kuninyamazia!"

Tumpale akabonyeza kitufe cha kinasa sauti. Tukasikia wote: mimi, kisha Kapteni Lugwisha, kisha mimi, kisha yeye, kisha kicheko chake. Aliichezesha mara moja tu.

"Uliambiwa, Kapteni," alisema. Akatia sahihi fomu yake, neno moja, na muhuri. Kwenye yangu akaandika nimepita. Kuanguka mara mbili kwa kapteni, kwetu, ni mwisho wa kiti cha kushoto. Nilisikia kishindo nilichokuwa nakitaka. Kilikuwa kitamu, sitawadanganya. Mpaka leo nikikikumbuka nakula vizuri.

Waziri hakumtazama Balozi wake tena. Alikuwa anahesabu kitu kwa vidole, nadhani saa zilizobaki mpaka Jumamosi. Bado tuzo ilikuwa inamsubiri, bado mabango yalikuwa barabarani, na barabara ya kwenda nchi jirani ina daraja alilolizindua mara tatu na halijajengwa. Akasogea mezani, akakisukuma kile kijitabu cha buluu mbele ya Tumpale kwa mikono yote miwili.

"Mama," alisema, "chukua. Chukua tu. Uchunguzi umekamilika sasa hivi, uzalendo wako umeonekana. Taa itarudishwa leo hii, nitaishika ngazi ya fundi mimi mwenyewe. Kesho saa mbili uniendeshe wewe."

Tumpale alikipokea kwa mikono miwili, akainama kidogo kama mtu aliyelelewa vizuri. Alikifungua, akalitazama jina lake, akakifunga. Akakitia mkobani, akavuta zipu mpaka mwisho. Marubani wenzetu thelathini na tisa walikuwa bado wamekaa langoni, siku ya kumi na mbili, na mihogo yao.

"Ahsante sana, Mheshimiwa," alisema. "Sasa na mimi ni rubani tena. Naweza kwenda kugoma."